Tarehe Uliyoanza Homoni: Mwongozo wa Kupima Matiti kwa Mwanamke Transi

Mwanamke transi, yaani aliyeandikwa mwanaume alipozaliwa, anayetumia estrojeni, homoni ya kike, ana matiti ya kweli. Naanza na hilo kwa sababu wapo wanaoambiwa, hata na watu waliovaa koti jeupe, kwamba vifua vyao ni vya kiume vilivyonenepa tu na hakuna cha kupima. Si kweli. Mwili uliopitia balehe ya kiume huwa na mirija michache tu nyuma ya chuchu. Estrojeni ikiingia, mirija hiyo hurefuka na kutoa matawi, na mwishoni mwa matawi hujengeka vifuko vile vile vinavyotengeneza maziwa kwa mwanamke yeyote. Kazi hiyo huchukua miaka 2 hadi 3. Tishu hiyo ikiwekwa chini ya darubini, inaonekana kama ya mwanamke mwingine yeyote, na inaweza kuugua kama yake.

Mwongozo huu ni kwa mwanamke transi aliye kwenye tiba ya homoni au aliyewahi kuitumia kwa miaka. Unahusu kipimo cha mtu asiye na dalili, anayetaka kujua mapema. Kama tayari umegusa uvimbe, ruka moja kwa moja hadi hatua ya nne na usisubiri umri wala miaka.

Kwanza tujue ukubwa wa hatari yenyewe, maana kuna namba moja inayozunguka na kutisha watu. Mwaka 2019 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti wa kliniki moja ya Amsterdam iliyohudumia watu transi tangu miaka ya 1970. Wanawake transi 2,260 walifuatiliwa, na 15 kati yao walipata saratani ya matiti iliyopenya kwenye tishu. Wakilinganishwa na wanaume wasio transi, hatari yao ilikuwa kubwa takriban mara 46. Hiyo ndiyo namba inayotisha. Lakini saratani ya matiti kwa wanaume ni adimu mno, na kitu adimu ukikizidisha mara 46 bado hakiwi cha kawaida. Wakilinganishwa na wanawake wasio transi, hatari yao ilikuwa takriban theluthi moja tu. Kwa hiyo usitupe dawa zako kwa hofu, wala usijione umesamehewa kipimo. Upo katikati, na aliye katikati husahaulika na pande zote mbili.

Katika utafiti huo huo kuna jambo ninaloliona kubwa kuliko namba 46. Nusu ya wanawake waliougua walikuwa wametumia homoni miaka 18 au zaidi kabla ya ugonjwa kugundulika. Aliyewahi kuliko wote alikuwa na miaka 7 ya homoni, na aliyechelewa kuliko wote alikuwa na 37. Yaani saa ya titi lako haikuanza kuhesabu ulipozaliwa. Ilianza siku estrojeni ilipoingia mwilini, na hapo ndipo tunapoanzia.

Hatua ya kwanza: andika tarehe

Chukua daftari au simu uandike siku, au walau mwezi na mwaka, ulioanza estrojeni. Mwanamke asiye transi huulizwa umri wake tu. Wewe utaulizwa umri na miaka ya homoni, na namba hiyo ya pili mara nyingi haipo kwenye faili lolote hospitalini. Pengine ulianza mji mwingine, kwa daktari aliyekwisha kustaafu. Pengine ulianza mwenyewe kwa vidonge vya rafiki. Hata hayo yaandike. Mwili hauulizi kama kidonge kilikuwa na cheti cha daktari, na miaka ile inahesabika sawasawa na miaka ya kliniki.

Andika na vipindi ulivyoacha. Ulitumia miaka 4, ukaacha 2, ukarudi miaka 3: hiyo ni 7 ya matumizi. Kama umeacha kabisa, miaka uliyotumia haifutiki, kwa sababu tishu iliyokwisha kukua haiyeyuki yote. Kuondolewa korodani nako hakufuti hesabu.

Kisha ongeza mistari mitatu. Wa kwanza ni aina ya estrojeni na namna unavyoitumia, iwe kidonge, sindano, jeli au kibandiko. Wa pili ni dawa nyingine unazomeza pamoja nayo, hasa projesteroni (homoni nyingine ya kike) au dawa za kuzuia testosteroni, homoni ya kiume. Wa tatu ni lolote lililowahi kuwekwa ndani ya titi: vipandikizi, mafuta yako mwenyewe yaliyohamishwa kutoka sehemu nyingine ya mwili, au silikoni iliyodungwa kwa sindano. Huu wa mwisho utaurudia mbele, na najua kwa wengine ni mgumu kuutamka. Uandike hata hivyo.

Hatua ya pili: uliza ukoo

Hapa wengi wetu hukwama, maana kuna nyumba ambazo simu haipokelewi tena. Kama kuna shangazi mmoja, binamu mmoja, jirani wa zamani anayeijua familia, mtafute. Unachotaka kujua ni kifupi: nani aliwahi kuugua saratani ya matiti, akiwa na umri gani? Nani aliugua saratani ya ovari? Je, kuna mwanaume yeyote wa ukoo aliyepata saratani ya matiti?

Uliza upande wa baba kwa bidii ile ile ya upande wa mama. Mabadiliko katika jeni za BRCA1 na BRCA2, yanayopandisha sana hatari ya saratani hizo, hurithiwa kwa baba sawa na kwa mama, na baba anaweza kuyabeba maisha yake yote asiugue. Ndugu wa karibu wakiwa wameugua, hasa kabla ya miaka 50, omba upelekwe kwa mtaalamu wa ushauri wa jeni kabla ya kufikiria mamogramu, yaani picha ya eksirei ya matiti.

Kuna mengine mawili yanayopandisha hatari na ambayo hayahusu ukoo. Moja ni mionzi ya tiba iliyopigwa kifuani ukiwa mtoto au kijana, kwa mfano kutibu saratani ya tezi za limfu. Jingine ni hali ya kuzaliwa na kromosomu XXY, iitwayo Klinefelter, ambayo baadhi ya wanawake transi huigundua wanapopimwa damu kabla ya kuanza homoni.

Hatua ya tatu: weka namba zako mbili pamoja

Hakuna kanuni moja ya dunia nzima, na nadhani ni heri nikwambie hivyo kuliko kukupa umri mmoja kama sheria. Mwongozo wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, uliotolewa mwaka 2016, unasema mamogramu kila miaka 2 kuanzia umri wa miaka 50, kwa aliyetumia homoni miaka 5 hadi 10. Chuo cha Radiolojia cha Marekani mwaka 2021 kilishuka hadi 40: ukiwa na miaka 40 au zaidi na homoni miaka 5 au zaidi, kipimo kinaweza kufaa. Kwa mwenye hatari kubwa, kama vile mwenye BRCA, kilisema kianze kwenye miaka 25 hadi 30, ilimradi homoni zimetimiza miaka 5. Na toleo la nane la viwango vya WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu transi, lililotoka mwaka 2022, linasema ufuate utaratibu wa nchi ulipo kwa wanawake wote, huku daktari akitazama muda na kiasi cha homoni, umri wako wa sasa na umri ulioanza.

Ukizisoma pamoja utaona zinagombana kuhusu umri, lakini miaka 5 ya homoni ni kizingiti kinachojirudia. Ikumbuke kliniki ile ya Amsterdam, ambako mgonjwa wa mapema kuliko wote alikuwa na miaka 7, na utaona kwa nini kizingiti hicho kinakaa vizuri.

Tuseme una miaka 52, umeanza homoni ukiwa na 50. Umri umefika lakini saa ya titi ina miaka 2 tu. Kama huna historia ya ukoo wala dalili, mamogramu ya sasa ina uwezekano mkubwa wa kukuletea wasiwasi kuliko faida. Tuseme mwenzako ana miaka 31, ameanza akiwa na 19. Saa yake ina miaka 12, ila umri bado, na kama ukoo wake hauna ugonjwa atasubiri huku akiyajua matiti yake. Sasa mwingine ana miaka 46, homoni miaka 20. Huyu ningemwambia aende akazungumze na daktari mwezi huu, asingoje 50.

Unaweza kujiuliza kwa nini mtu asipime tu kila mwaka kwa usalama. Kwa sababu kipimo nacho kina gharama yake mwilini na moyoni. Kwa mtu mwenye hatari ndogo, kivuli kisicho na maana huonekana mara nyingi kuliko saratani, kisha hufuata picha za ziada, sindano, na majuma ya kukosa usingizi.

Hatua ya nne: yajue matiti yako, na usingoje ratiba ukiona dalili

Hii haina umri. Sisemi uwe na zoezi la kila mwezi lenye kanuni na mizunguko ya vidole, kwani mazoezi rasmi ya aina hiyo hayakuonyesha kuokoa maisha. Nasema uyazoee. Ukioga, ukipaka losheni, ukijitazama kwenye kioo, ujue umbo lako la kawaida ili lisilo la kawaida likushtue.

Katika miezi ya mwanzo ya homoni, kidonge kigumu chenye maumivu nyuma ya chuchu ni titi linachipua. Huja pande zote mbili, ingawa upande mmoja unaweza kutangulia. Hilo ni la kutarajiwa. Maumivu ya kwenda na kurudi nayo ni ya kawaida miaka ya kwanza.

Yasiyo ya kawaida ni haya: uvimbe mpya unaobaki pale pale baada ya titi kumaliza kukua, hasa mgumu usiouma, ngozi kuingia ndani kama kishimo au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyokuwa nje ikaanza kuzama, upele au kidonda cha chuchu kisichopona, uvimbe kwapani, na majimaji ya damu kutoka chuchu moja. Majimaji meupe kama maziwa kutoka chuchu zote mbili kwa kawaida huhusu homoni ya prolaktini kuliko saratani, lakini mweleze daktari ili apime damu.

Ukiona mojawapo, kipimo chako si cha ratiba tena. Ni uchunguzi wa dalili, na huo hauna sharti la miaka 5 wala 40. Mtu akikuambia “wewe huwezi kupata saratani hiyo”, mwambie hata wanaume hupata, na uombe picha.

Hatua ya tano: jiite mwenyewe

Nchi zenye mpango wa kitaifa hutuma barua kwa kufuata jinsia iliyoandikwa kwenye kompyuta. Uingereza, kwa mfano, mpango wa NHS, huduma ya afya ya taifa, huwaita wanawake wa miaka 50 hadi kabla ya kutimiza 71, kila miaka 3. Mwanamke transi aliyeandikishwa kwa daktari wake kama mwanamke atapata barua hata kama ametumia homoni mwaka mmoja. Aliyeandikishwa kama mwanaume hataipata hata akiwa na miaka 25 ya homoni. Kompyuta haioni saa ya titi, na kule ambako hakuna barua kwa mtu yeyote ndiyo kabisa.

Kwa hiyo utakwenda wewe kuomba, na ombi fupi lenye namba hufika mbali kuliko maelezo marefu ya maisha yako. Mwambie daktari hivi: “Nimetumia estrojeni tangu mwaka fulani, nina miaka kadhaa, ukoo wetu una hiki au hauna, naomba tujadili mamogramu.” Sentensi moja hiyo humweka kwenye hoja ya kitabibu na kumtoa kwenye udadisi. Huna haja ya kueleza upasuaji wa sehemu za siri wala ulitambua lini u nani. Hayo hayahusiani na titi.

Omba karatasi ya rufaa iandikwe sababu wazi: matumizi ya estrojeni ya muda mrefu. Kama una bima na kadi yako imeandikwa mwanaume, wapigie kabla ya siku yenyewe, kwa kuwa mfumo unaweza kukataa malipo ya mamogramu kwa jinsia hiyo na wewe ukalijua hilo ukiwa dirishani.

Ukiwa hapo kwa daktari, uliza pia kuhusu tezi dume. Upasuaji wa kutengeneza uke hauiondoi, na ni kiungo kingine ambacho kompyuta ikishakuandika mwanamke hukisahau.

Hatua ya sita: siku ya kipimo

Piga simu mapema uwaambie jina unalotaka kuitwa. Kuitwa kwa jina la zamani mbele ya foleni nzima kumewafanya wanawake kadhaa wasirudi tena, na dakika mbili za simu huweza kuzuia hilo. Nenda na mtu unayemwamini kama unaye.

Asubuhi hiyo oga, lakini usipake spreyi ya kwapa, poda wala losheni kifuani. Baadhi yake zina chembe za madini zinazoonekana kwenye picha kama doa. Vaa nguo ya vipande viwili ili uvue ya juu tu. Endelea na homoni zako kama kawaida. Hakuna haja ya kuziacha hata siku moja kwa ajili ya picha.

Ndani utasimama mbele ya mashine, mhudumu ataliweka titi juu ya bamba na bamba la pili litashuka kulibana. Picha kwa kawaida ni mbili kwa kila titi, moja kutoka juu na moja kwa ubavu. Kubana kunauma, lakini ni sekunde chache kila mara. Kama titi lako ni dogo, usihofu kwamba halitashikika. Mashine hiyo hiyo hupiga picha matiti ya wanaume. Ziara nzima ni kama nusu saa. Mionzi yake ni takriban milisiveti 0.4, sawa na ile ambayo mtu huipata kutoka ardhini na angani kwa majuma 7 hivi.

Sasa ule mstari wa tatu wa daftari. Mwenye vipandikizi aseme kabla ya kubanwa. Kuna picha za ziada ambazo kipandikizi husukumwa nyuma na tishu kuvutwa mbele, nazo hufanya kipimo kiwe na maana, kwa sababu bila hivyo sehemu kubwa ya titi hujificha nyuma yake. Mwenye silikoni ya kudungwa ana shida kubwa zaidi: silikoni hiyo hutapakaa, huunda vinundu vigumu, na kwenye mamogramu huonekana kama theluji inayofunika kila kitu. Kwake MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, yenye dawa ya kung'arisha ndiyo hufaa zaidi. Ukinyamaza, mtaalamu ataona vinundu vingi na kukuchoma sindano bila sababu, au vibaya zaidi ataona vingi hata kile kimoja cha kweli kimpite. Hakuna aibu katika hili. Uliufanya mwili wako kwa njia uliyokuwa nayo wakati ule.

Titi lililojengwa na homoni mara nyingi ni zito kwa tishu na lina mafuta kidogo. Kwenye picha tishu hiyo ni nyeupe, na uvimbe nao ni mweupe. Ndiyo maana unaweza kuombwa ultrasaundi baada ya mamogramu. Si ishara ya ubaya.

Hatua ya saba: soma majibu, kisha weka tarehe nyingine

Ripoti nyingi hutumia ngazi za BI-RADS, namba 0 hadi 6 zinazoeleza picha ya titi ina shaka kiasi gani. 0 maana yake picha hazitoshi, urudi kwa nyingine. 1 ni safi, 2 ni kitu kisicho na madhara. 3 ni kitu ambacho karibu hakika si saratani, uwezekano ukiwa asilimia 2 au chini, na kwa kawaida hurudiwa baada ya miezi 6. 4 inataka kinyama kichukuliwe kwa sindano kipimwe. 5 ni shaka nzito, asilimia 95 au zaidi. 6 ni ya mtu ambaye saratani yake tayari imethibitishwa.

Ukiitwa tena, vuta pumzi. Marekani takriban mwanamke 1 kati ya 10 wanaopimwa huitwa tena, na wachache mno kati ya hao hukutwa na saratani. Kwenda tena ni lazima, kuandika wosia usiku huo si lazima.

Kinyama kikichukuliwa, hakikisha fomu ya maabara inataja estrojeni na miaka yake. Mtaalamu akiona vifuko vya maziwa kwenye sampuli iliyoandikwa “mwanaume” bila maelezo, atachanganyikiwa bure.

Na ikithibitika kuwa ni saratani, suala la homoni litakuja mezani siku hiyo hiyo. Katika wale wagonjwa wa Amsterdam, uvimbe mwingi ulikuwa na vipokezi vya estrojeni, maana yake homoni hiyo huweza kuulisha. Usiache dawa kimyakimya usiku, na usikubali mtu mmoja akuamulie mlangoni. Daktari wa saratani na daktari wa homoni wakae pamoja nawe, kwa sababu kuna la kufanya kuhusu uvimbe na kuna la kufanya kuhusu maisha yako baada ya uvimbe, na yote mawili yana haki ya kusikilizwa.

Kabla hujatoka hospitalini omba nakala ya picha zenyewe, si ripoti tu. Picha ya pili husomwa kwa kulinganishwa na ya kwanza, na wewe unaweza kuwa umehama mji kufikia wakati huo. Kisha fungua ule ukurasa wenye tarehe uliyoanza homoni na uandike chini yake tarehe ya leo, jina la kituo, ngazi uliyopewa, na mwezi wa kipimo kinachofuata.